Bi Mkubwa Anakula Mno

Mtu akishaanza kushuku, hata kikohozi cha jirani huwa ushahidi. Meneja wa kiwanda cha barafu alianza kushuku Jumanne moja baada ya chakula cha mchana, akiwa amesimama kwenye ngazi ya chuma, kiatu kimoja mguuni na kingine kimenasa. Kisigino kilikuwa kimeingia kwenye tundu la ngazi na kinakataa kutoka. Angevaa kandambili siku ile, yote haya yasingetokea, lakini tangu lini meneja akavaa kandambili kazini?

Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mrefu, mwenye sauti ya kufika mbali. Kiwandani aliingia kwa mlango wa mauzo. Angeweza kumuuzia barafu mtu anayetetemeka kwa homa, na asubiri kidogo ampe na risiti. Marehemu mume wake alikuwa fundi mkuu hapo hapo, mtu wa chumba cha mashine, aliyerudi nyumbani usiku ananuka grisi na kuondoka kabla chai haijapoa. Alipofariki, mdogo wake akashika spana zake. Na Tajiri, mwenye kiwanda, ambaye aliishi mji mwingine na kukijua kiwanda chake kwa simu tu, akaona mjane huyu anaweza, akampa kiti cha umeneja. Watu wote wakamwita Mama au Meneja. Mmoja tu alishindwa: yule mdogo wa marehemu, fundi mkuu mpya, aliyeendelea kumwita shemeji hata mbele ya wageni wenye tai. Jambo hilo lilimkera, ila hakuwahi kulisema.

Wiki ile alikuwa na uamuzi mgumu kichwani. Kampuni ya maziwa ilitaka barafu usiku na mchana, bila kukoma, na ilitaka jibu upesi. Wauza samaki, wateja wa miaka yote, nao walitaka yao. Kule darajani mtu mwingine alikuwa amefungua kiwanda kipya, na alikuwa anawapigia wauza samaki hao hao simu za asubuhi njema. Na mashine ya kugandishia, ile kubwa, ilikuwa kuukuu, ya tangu enzi za baba yake Tajiri. Msaidizi wake, kijana aliyeitwa Miwani kwa sababu ya vioo vyake vinene, alikuwa ameshauri hivi: tufunge mwezi mmoja, tuilete mashine mpya, ndipo tuwaambie watu wa maziwa ndiyo. Watanuna, lakini watangoja.

Meneja alikuwa ameupenda ushauri ule. Marehemu alimfundisha swali moja la kujiuliza kila jambo linapokuwa na vichwa vingi: "Likiharibika, nani ataumia?" Alijiuliza, akaona wakifunga mwezi mmoja ataumia mfuko wa Tajiri, na mfuko hauendi hospitali. Akapanga kusema ndiyo kwenye kikao cha Alhamisi. Moyo wake ulikuwa umetulia kabisa.

Ndipo kisigino kikanasa. Akainama kukichomoa, na chini ya ngazi, nyuma ya magunia ya chumvi, akasikia sauti ya Miwani.

"Bi Mkubwa amechoka, fundi. Tusidanganyane. Wakati wake umekwisha."

Meneja akabaki ameinama vile vile. Jina hilo alikwisha kulisikia kwa wapagazi. Wakati fulani akipita uani alimsikia mmoja akisema, "Leo Bi Mkubwa kaamka vibaya," na wenzake wakacheka, kisha walipomwona wakatawanyika. Alijua ni yeye. Hakukasirika hata kidogo. Kusema kweli lilimfurahisha, maana mtu hapewi jina na wapagazi kama hana uzito.

"Nani anayebisha?" ikajibu sauti ya shemeji yake. "Asubuhi mpaka jioni anapiga kelele tu. Kichwa kinaniuma hata nikiwa nyumbani. Na anavyokula! Bi Mkubwa anakula mno, bwana."

"Mpya nimeshamwona kwa macho yangu. Mtulivu, hana makelele, na hali hata nusu ya anavyokula huyu."

"Marehemu kaka ndiye aliyemharibu. Alimdekeza. Kila akinuna, anabembelezwa, anapanguswa, anasemeshwa. Sasa mbembelezaji hayupo. Nani atamweza?"

"Basi tumwondoe kwa heshima zake, kabla hajatuulia mtu. Kwa Tajiri nitazungumza mimi."

Kisigino kikachomoka kwa kishindo. Wale wawili wakatazama juu, na wakanyamaza kama watoto waliokutwa mikono imo kwenye kopo la sukari.

"Shemeji, umeumia?" fundi akauliza.

"Sijaumia," akasema, na akapanda zake juu akichechemea, kiatu mkononi.

Ofisini alifunga mlango na kukaa. Kupiga kelele, sawa, alipiga. Sauti alipewa na Mungu. Lakini kula? Yeye, ambaye hata sukari ya chai ya ofisi alileta kutoka kwake? Katika kiwanda kizima hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole kwamba amekula hata kipande cha barafu. Na aliyelisema neno hilo ni mtu ambaye alimlea kwenye nyumba yake, akamsomesha ufundi, akamwozesha. Kilichomuuma zaidi ya vyote ni lile la kudekezwa. Marehemu alimdekeza lini? Miaka yote ya ndoa yao alikula chakula cha jioni peke yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea. Akalisema mara mbili, na la pili lilikuwa kwa sauti.

Kesho yake dalili zikaanza kuja zenyewe, kwa miguu yao. Ya kwanza ililetwa na katibu muhtasi, mwanamke mwenye moyo safi na mdomo usiokuwa na kifuniko, ambaye kiwanda kizima kilimwita Redio.

"Mama, jana ulipokwenda benki, Miwani alikuwa na mgeni. Mwanamke, kavaa suti, kapendeza! Ana utepe wa kupimia. Wakapima mlango mkubwa, wakapima ukumbi, halafu akapanda mpaka hapa. Akachungulia ofisi yako akasema, pana hewa nzuri."

"Pana hewa nzuri?"

"Ndivyo alivyosema. Na alinukia, Mama, acha tu."

Meneja akatazama dirisha lake, meza yake, kalenda yake. Pana hewa nzuri. Kwa hiyo mpya ndiye huyo, mtulivu asiye na makelele.

Dalili ya pili ilikuja kwa simu. Tajiri alikuwa na tabia ya kuzungumza kama mtu aliyeacha maziwa jikoni: husema nusu, akakimbia. "Huyo msaidizi wako amenipigia," akasema. "Kijana ana mawazo mazuri. Anasema kukawia ni hatari, anataka mabadiliko. Mzungumze, mzungumze." Simu ikakatwa.

Angeuliza. Ewe msomaji, najua unalolisema, nami nalisema: angeteremka ngazi kumi, angemshika mdogo wa mume wake bega, angemuuliza, "Bi Mkubwa ni nani?" Mambo yangeisha hapo kwa kicheko. Lakini viti vya juu vina ugonjwa wao. Aliyevikalia huona kwamba kuuliza ni kuonyesha hajui, na kuonyesha hajui ni kuanza kuanguka. Kwa hiyo hakuuliza. Alichunguza. Aliacha mlango wazi kidogo ili asikie ngazi. Alitembelea chumba cha mashine bila kutanguliwa na mtu, na kila alipoingia, mazungumzo yalikatika na macho yakatazama sakafu. Mpagazi mmoja alianza, "Bi Mkubwa leo ana—" mwenzake akamkanyaga mguu. Nini kingine alichohitaji? Mwenye macho haambiwi tazama.

Jioni ile, mezani kwake, aliupanga upya uamuzi wake. Kampuni ya maziwa ile ile, mashine ile ile, mtu wa darajani yule yule. Hakikubadilika kitu ila swali. Badala ya kujiuliza nani ataumia, alijiuliza nani anafaidika. Tukifunga mwezi mzima, nani anafaidika? Meneja aliyefunga kiwanda chake mwenyewe huondolewa kirahisi. Hata Tajiri hatahitaji kumaliza sentensi. Ushauri uliokuwa wa busara Jumatatu ukawa mtego Jumatano, na hakuna neno moja ndani yake lililokuwa limebadilika.

Alhamisi walikaa kwenye chumba cha kikao, chini ya feni iliyokuwa ikilia tiki, tiki. Walikuwapo Miwani, fundi, mkuu wa mauzo, na Redio wa kuandika. Meneja hakuzunguka.

"Hatufungi," akasema. "Watu wa maziwa nimewaambia ndiyo. Kuanzia Jumamosi tunakwenda usiku na mchana."

Miwani akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. "Mama, kwa heshima zote. Mashine ile haiwezi. Sili zake, ile mipira ya kuzuia gesi isivuje, zimekwisha, mabomba yamechoka. Ile gesi inayogandisha ikitoka si ya mchezo, inachoma macho, inachoma mapafu. Nimemwita mtu akapima—"

"Najua umemwita mtu akapima."

"Basi nilitaka kukueleza leo, na mapema, kwa sababu—"

"Nikuulize kitu kimoja tu. Tukifunga, nani anafaidika?"

Kijana akashangaa. "Sote, Mama."

"Sote," Meneja akarudia, akiwatazama wengine. "Jibu zuri. Halina mtu ndani yake." Akageuza karatasi. "Ghala la ng'ambo ya mto linahitaji mtu mwenye mawazo mazuri. Kesho utahamia huko."

Feni ikalia tiki, tiki. Redio alisahau kuandika. Fundi ndiye aliyefungua kinywa, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya kubembeleza, sauti ambayo Meneja aliijua vizuri kwa sababu ilikuwa ya marehemu kabisa.

"Shemeji, huyu ndiye anayenishikia vali ya nje. Unakumbuka utaratibu wa kaka: mmoja ndani na mashine, mmoja nje na vali, siku zote. Wa ndani akiona mambo yameharibika anapiga kelele, wa nje anafunga gesi. Peke yangu siwezi kuwa pande mbili."

"Hapa kazini hakuna shemeji," Meneja akasema. "Kuna meneja. Na huyo mtu wa nje atapatikana."

"Sawa, shemeji," fundi akajibu kwa mazoea, na mkuu wa mauzo akaficha kicheko kwenye kiganja. Meneja hakucheka.

Basi wakakimbiza kiwanda. Na tuseme haki yake: mwanzoni alionekana kashinda. Magari ya maziwa yakaingia na kutoka, wauza samaki hawakupungukiwa, yule wa darajani akaacha simu zake za asubuhi njema. Tajiri alipiga akasema, "Vizuri sana, ende—" akakata. Uamuzi mbaya hauozi siku unayozaliwa. Unakaa vizuri tu, unanukia, watu wanausifu. Na yule mtu wa nje, wa kushika vali? Alikuwa atapatikana. Kila siku alikuwa atapatikana. Mpagazi huyu hajui kazi, yule amekwenda kupakia, na Meneja mwenyewe alikuwa amejaa mambo, hasa la kumchunguza shemeji yake, ambaye sasa alikuwa anachelewa kutoka, macho mekundu, na kuzungumza peke yake karibu na mashine. Akamwona mara mbili akipiga simu uani. Anampigia nani, akajiuliza, kama si Miwani? Na kweli alikuwa Miwani. Fundi alikuwa akimuuliza namna ya kufunga sili kwa muda.

Ilitokea asubuhi, magari mawili yakiwa yanapakia. Kwanza ulisikika mlio, mrefu, wa juu, kisha harufu ikashuka uani ikawapiga watu puani kama kofi. Wapagazi wakatupa vitalu vya barafu na kukimbia. Meneja alitoka ofisini na leso puani, akashika chuma cha ngazi, akamwona shemeji yake akifunga kitambaa kibichi usoni na kuingia chumba cha mashine.

"Fungeni nje!" sauti yake ikatoka ndani. "Vali! Fungeni nje!"

Nje hapakuwa na mtu. Gurudumu la vali lilikuwa ukutani, jekundu, na mbele yake nafasi tupu ya mtu mmoja. Wapagazi wawili wakarudi mbio, wakalishika, wakalizungusha kwa nguvu zao zote, wakalizungusha upande usio wake. Mlio ukazidi. Meneja akapiga kelele, kwa sauti ile ya kufika mbali, "Upande mwingine! Upande mwingine!" Wakageuza. Mlio ukapungua, ukakatika. Lakini fundi hakutoka. Walimtoa wao, wakimburuta kwa makwapa, macho yamefumba na kuvimba, kifua kinakwangua.

Redio alikuwa ameketi chini kwenye maji, analia kwa sauti. "Tulisema! Tulisema Bi Mkubwa atatuua!"

Watu wakamtazama Redio, kisha wakamtazama Meneja, kisha wakatazama chini. Gari la wagonjwa lilipofika, yeye akapanda. Njia nzima alijiambia kwamba hata wakimchukia, hata wakikitaka kiti chake, yule aliyelala mbele yake alikuwa mtoto wa nyumbani kwake. Alimshika mkono, na mkono ulikuwa baridi.

Hospitalini walimruhusu kuingia mchana. Fundi alikuwa amelala chali, macho yamefungwa bendeji nyeupe, bomba la hewa puani. Daktari alisema mapafu yatapona. Kuhusu macho, tusubiri. Meneja akavuta kiti. Kilikwaruza sakafu, na mgonjwa akageuza uso.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Ah, shemeji." Akapumua kidogo kidogo. "Pole. Nimekuharibia siku. Bi Mkubwa anaendeleaje?"

Kwa hiyo sasa anamwita hivyo mbele yake, waziwazi. Haidhuru. Huyu ni mgonjwa, na leo hakuja kugombana.

"Nipo hapa," akasema. "Sijambo."

Midomo ya fundi ikacheza chini ya lile bomba. "Si wewe, shemeji. Mashine."

"Mashine?"

"Bi Mkubwa. Aa, kumbe hukuwahi kuambiwa." Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, akasubiri kipite. "Usikasirike. Jina lilitoka kwako mwenyewe. Zamani, kaka alikuwa amechelewa, ukapiga simu. Mikono yake imejaa grisi, akaiweka kwenye spika. Ukasema, 'Mwambie huyo mke wako mkubwa akuruhusu, bi mdogo amepika.' Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tangu siku hiyo mashine ikawa Bi Mkubwa. Kaka mwenyewe akawa anaisemesha kwa jina hilo, anaipangusa, anaibembeleza. Ulipokuja kuwa meneja tukaona haya. Umefiwa, halafu usikie tunamtania mke mwenzako? Tukakubaliana ukiingia tunyamaze."

Meneja alimwona mume wake, simu kwenye spika, mikono juu, anacheka. Yule aliyedekezwa. Yule aliyesemeshwa. Anayepiga kelele asubuhi mpaka jioni, anayekula umeme. Mpya ameshaonekana, mtulivu, na yule mwanamke wa suti alikuwa anapima mlango ili mashine mpya ipite.

"Kwa hiyo mliposema amechoka," akasema polepole, "na kwamba anakula mno, na kwamba aondolewe kwa heshima..."

Uso ule wenye bendeji ukamgeukia.

"Hayo uliyasikia wapi, shemeji?"

Meneja akavuta miguu chini ya kiti, kisigino kikagonga sakafu.

"Siku ya ngazi," fundi akasema, si kwa kuuliza. Alikuwa mtu wa mashine. Akipewa mlio mmoja, alijua kilichokatika kiko wapi. Alikwenda taratibu, kipande kwa kipande. "Ukasikia. Ukadhani ni wewe. Ndiyo maana Miwani akapelekwa ng'ambo. Ndiyo maana hatukufunga. Ndiyo maana pale kwenye vali..."

"Ningekuuliza," Meneja akasema, na machozi yakaanza kumshuka. "Wallahi ningekuuliza. Nilifikiri... wewe wa nyumbani kwangu, nikafikiri..."

Alinyoosha mkono amshike. Mkono wa fundi uliokuwa juu ya shuka ukarudi nyuma, bila ukali, ukaingia chini ya shuka. Akageuza uso wake upande wa ukuta, ingawa hakuwa anaona ukuta wala mtu.

"Naomba uniitie nesi," akasema kwa adabu. "Tafadhali, Meneja."